Baruti chumbani Gilgil

Majuma mawili yaliyopita rafiki yangu wa Gilgil alinitumia picha kwa simu. Ni meza ya mbao, si kubwa, imesukumwa kwenye pembe ya chumba cha kulala kati ya kabati la nguo na dirisha. Juu ya meza hapakuwa na kitu isipokuwa mistari ya chaki: hapa mashine, hapa mizani, hapa makopo. Chini ya picha aliandika, "Kuruta, waonaje? Chumba kidogo lakini kitatosha."

Huniita kuruta, nami humwita vivyo hivyo, ijapokuwa sote tumeshaota mvi. Tulikutana Gilgil tukiwa vijana, kwenye chuo cha mafunzo cha NYS. Mimi nilikuwa nimetoka Mombasa na sweta moja, yeye ametoka Ol Kalou na baridi ile kwake ni hewa ya kawaida tu. Alinigawia blanketi wiki ya kwanza. Mtu aliyekupa blanketi Gilgil mwezi wa Julai humkatizi mazungumzo, hata akileta jambo la kukutisha.

Jambo lenyewe ni hili. Anataka kuanza kushindilia risasi zake mwenyewe, ndani ya nyumba ya kupanga ya chumba kimoja na sebule, ghorofa ya pili, karibu na barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru. Hajanunua chochote bado. Nimemwomba ruhusa nilizungumze hapa kwa sababu naona ni zaidi ya habari ya meza moja, naye amekubali mradi nisimtaje jina.

Niseme kwanza kwamba si mhalifu. Ana bastola yenye cheti. Desemba 2018, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, iliamriwa kila raia mwenye bunduki apigwe msasa upya, na yeye alipanga foleni kama wengine, akachukuliwa alama za vidole, akarudi na karatasi zake. Hufanya biashara ya mifugo na chakula cha mifugo, hubeba pesa, na kuna usiku aliozuiwa njiani ambao hapendi kuusimulia. Siku hizi pia hushindana kulenga shabaha. Huo ndio mzizi wa mambo. Anayejifunza kulenga humaliza mamia ya risasi, na risasi za dukani ni ghali. Kwenye video za Wamarekani ameona mtu mwenye meza kama yake akitengeneza za kwake kwa gharama ndogo.

Kwa asiyejua, risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki ndogo iliyopachikwa kitakoni, baruti ndani, na kile kichwa kinachoruka. Ukifyatua, kichwa kinakwenda zake, baruti na fataki zimeungua, ganda linabaki. Na ganda ndilo lenye thamani. Mwenye mashine huliokota, hulisafisha, hulirudisha umbo lake, akatia fataki mpya, baruti iliyopimwa kwa mizani na kichwa kipya. Huko Marekani kazi hii hufanywa gereji, na wasio na gereji huifanya katika fleti. Ni halali na ni ya kawaida, kama kwetu mtu kutengeneza nyavu zake mwenyewe.

Wala kwetu Pwani maneno haya si mageni. Fataki, kabla haijawa ya kurushwa angani siku ya sherehe, ilikuwa ndicho hicho kidude cha kuwashia baruti ya bunduki. Kushindilia ilikuwa kazi ya wenye magobole. Katika karne ya 19 bunduki na baruti zilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa zilizopitia Zanzibar kwenda bara, hata wakubwa wa Ulaya walipokutana Brussels mwaka 1890 wakaandikiana mkataba uliobana pia biashara hiyo. Tangu hapo kuna mtu serikalini anayeihesabu baruti ya mwananchi.

Na hesabu hiyo Mkenya aliilipa kwa kamba. Machi 26, 1953, wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, mwendo mfupi tu kutoka Gilgil, wakaondoka na bunduki na risasi. Serikali ya kikoloni ilitikisika. Waruhiu Itote, Jenerali China, aliponaswa Januari 1954, miongoni mwa mashtaka yake yalikuwa kupatikana na risasi mbili. Mbili. Akahukumiwa kifo, akaja akanusurika. Dedan Kimathi hakunusurika. Alihukumiwa kwa bastola na risasi sita, akanyongwa Februari 18, 1957. Wanahistoria wamehesabu watu 1,090 walionyongwa katika miaka ile ya Hali ya Hatari, na wengi hawakushtakiwa kuua.

Sheria tunayoitumia leo, Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, ina mizizi katika miaka hiyo ya 1950. Cheti cha rafiki yangu hakisemi tu ana bastola gani. Kinasema pia anaruhusiwa kununua na kuwa na risasi ngapi. Kutengeneza risasi kwa biashara ni kazi ya aliyesajiliwa. Yeye hapo ana jibu tayari: "Mimi siuzi, ni za matumizi yangu." Wakili anaweza kusimama juu ya neno hilo asubuhi nzima. Lakini asubuhi ikiisha bado kuna Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, ambayo haijali kama unauza au huuzi. Yenyewe yataka kujua baruti umeipata kwa kibali gani na umeiweka wapi. Pembeni mwa kabati la nguo si jibu. Hata kama angepata wakili bora zaidi Nakuru, atakuwa anajitetea akiwa rumande.

Hata hivyo sikutaka kumtisha kwa sheria. Wakenya tumezoea sheria zinazomkamata mdogo na kumpisha mkubwa, naye aliniambia hivyo hivyo, bila kuficha. "Wao hupoteza kwa magunia," alisema, "halafu mimi nihesabiwe moja moja?"

Hapo ana hoja, na sitaizunguka. Kiwanda chetu cha risasi kiko Eldoret, Kenya Ordnance Factories Corporation, kilichojengwa miaka ya 1990 kwa ushirikiano na Wabelgiji wa FN. Kila ganda linalotoka pale lina herufi zake kitakoni. Mwaka 2008 mtafiti James Bevan wa shirika la Small Arms Survey la Geneva alichapisha kazi aliyoifanya Turkana Kaskazini. Alitazama vitako vya risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji isivyo halali, akalinganisha na zile za polisi, akaona kwamba karibu nusu zilitoka kwa polisi wenyewe, zikigawiwa Waturkana wajilinde dhidi ya majirani wenye silaha. Mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 ikaja habari ya Narok, maelfu kwa maelfu ya risasi nyumbani kwa mfanyabiashara, na nchi nzima ikauliza zimetoka ghala gani. Na mara kwa mara tunasoma kuwa askari fulani amekamatwa na risasi za kuuza.

Gilgil yenyewe ni mji wa askari. Kuna kambi ya jeshi, na kikosi cha polisi cha kupambana na wizi wa mifugo makao yake makuu yako hapo. Vijana wa kikosi hicho ndio hutumwa Baringo, Samburu na kwingineko kwenye mabonde ya majangili. Februari 2023 serikali ilipopeleka pia jeshi Kaskazini mwa Bonde la Ufa katika operesheni iliyoitwa Maliza Uhalifu, magari yaliyopita barabara ile rafiki yangu aliyaona akiwa dirishani, dirisha lile lile lililo kwenye picha. Anajua anachokisema anaposema kuwa risasi za nchi hii hazihesabiwi sawasawa.

Lakini tazama Bevan aliwezaje kujua. Alijua kwa sababu kitako cha ganda kilisema kweli. Kilisema nimetoka Eldoret, mwaka fulani, na kikawaumbua wakubwa. Sasa chukua ganda hilo hilo, liokotwe kwenye uwanja wa shabaha, lijazwe upya chumbani. Kitako bado chasema Eldoret, mwaka ule ule, na ni uongo mtupu. Likiokotwa siku moja kando ya maiti ya mchungaji, mpelelezi ataenda kugonga mlango usio wake. Shahidi pekee tuliye naye dhidi ya ghala linalovuja ndiye huyo aliyechongwa kwenye shaba, na rafiki yangu, bila nia mbaya, angemfundisha kusema uongo. Atasema zake hazitatoka chumbani mwake. Zote zilizofika Turkana zilikuwa na mwenyewe aliyesema hivyo.

Niache Turkana nirudi ghorofa ya pili, maana hapa ndipo nilipomkalia kooni.

Nilimuuliza juu yake anakaa nani. Mama na watoto watatu. Chini? Duka la unga, na kando yake mtu anauza mitungi ya gesi. Nikamuuliza Julai watu wa jengo hilo huota moto kwa nini. Akacheka. Jiko la makaa, huwashwa nje koridoni likashika, kisha likaingizwa ndani.

Tuwe wakweli kuhusu baruti, kwa sababu wanaoipinga nao huzidisha chumvi. Baruti ya kisasa ya bunduki ikiwa kwenye kopo lake jepesi si bomu. Ikishika moto huungua kwa ukali na kwa kasi, na ikifungiwa kwenye chombo kigumu ndipo hupasua. Wengi hudhani sanduku la chuma ndiyo salama, kumbe lile lisilopumua ndilo baya. Fataki ni habari nyingine. Hiyo imeumbwa ilipuke kwa kugongwa, ndiyo kazi yake. Mtu mwangalifu, mwenye chumba chake, asiyevuta sigara, anaweza kufanya kazi hii miaka ishirini asiungue ukucha. Wapo Marekani. Lakini wengi wao wana banda lao nyuma ya nyumba yao. Rafiki yangu ana ukuta wa tofali moja na mpangaji mwenzake upande wa pili, asiye na habari ya lolote.

Na sisi ni nchi ambayo imeshaona. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, mahali pa kujazia mitungi katikati ya nyumba za watu. Watu walikufa, mamia wakaumia. Kesho yake mamlaka ya nishati, EPRA, ikasema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo pale kwa sababu ya wingi wa makazi. Walikataa kwa karatasi, gesi ikaendelea kujazwa. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wanaijua ngoma hii kwa kiwango cha jeshi. Ghala la mabomu la Mbagala liliripuka Aprili 29, 2009, na la Gongo la Mboto Februari 16, 2011. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20, na waliokufa wengi hawakuwa na shughuli na silaha, walikuwa wanakaa tu karibu. Najua makombora ya jeshi na makopo mawili ya baruti si kitu kimoja. Kilicho kimoja ni jirani ambaye hakuulizwa.

Kuna na madhara yasiyotoa mlio, ambayo video zile huyapitia haraka. Kwa Kiswahili risasi ni jina la kitu na ni jina la madini yake, ile metali laini ya kijivu. Vichwa vingi vina madini hayo, na fataki nyingi pia. Ganda lililotumika, ukilitikisa kulisafisha, hutoa vumbi lake. Uwanjani upepo hulichukua. Chumbani linatua juu ya shuka. Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kwenda Geneva kuyajua hayo, tunayo Owino Uhuru, pale Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, watoto wakapimwa damu zao zikakutwa nayo, Phyllis Omido akapigana miaka, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Pale kilikuwa kiwanda. Lakini mwili wa mtoto haujui kama vumbi limetoka kiwandani au kwenye shuka ya baba, na wanawe hushuka kutoka Ol Kalou kulala naye kila likizo. Nilipomwambia hili alinyamaza kwa muda. Ya polisi na ya moto alikuwa na majibu yake.

Kuna jambo jingine nililisita kuliandika. Alipotuma ile picha, jambo la kwanza nililofanya ni kuifuta kwenye simu yangu. Sikufikiri, kidole kilitangulia. Baadaye nikakaa nikajiuliza kwa nini.

Mimi ni Muislamu wa Mombasa, jina langu laonyesha hivyo hata kabla hujaniona. Agosti 13, 1997, wavamizi waliingia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi, wakatoka na bunduki zaidi ya 40 na risasi zake. Miezi iliyofuata haikumuacha kijana wa Pwani ya kusini. Novemba 2014, Masjid Musa na Sakina zilipovamiwa alfajiri, vijana zaidi ya 200 wakabebwa, na polisi wakaonyesha mabomu ya mkono waliyosema wameyakuta ndani. Wako waliosema kweli yamekutwa na wako waliosema yameletwa. Sikuwapo. Ninachojua ni kwamba mtaani kwetu mama akisikia neno risasi hauulizi ni ngapi wala ya aina gani, auliza mwanawe yuko wapi.

Rafiki yangu anaweza kunichorea meza yake kwa chaki na kunitumia kama mtu anayekuonyesha kochi jipya. Picha hiyo hiyo ikipigwa Majengo, kwenye chumba cha kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye ndevu, si mradi wa mtu mwenye kipaji cha mikono. Itakuwa karakana ya magaidi kwenye habari za saa moja, na huenda kijana asifike kortini kueleza kwamba alitaka kulenga shabaha. Sisemi haya ili kumuonea wivu. Nilimwambia, akanijibu kwamba hakuwahi kulifikiria, nami naamini. Lakini ndiyo sababu sitaki nchi izoee wazo kwamba mambo ya baruti ni kati ya mtu na chumba chake, kwa sababu najua ni vyumba vya nani vitavunjwa milango uzoefu huo ukiharibika.

Basi afanye nini? Kumwambia mtu aache tu si ushauri. Risasi ghali ni tatizo la kweli kwa mlengaji, na mlengaji asiyefanya mazoezi ni hatari kuliko anayefanya. Nilimpa wazo moja. Wenye vyeti wana viwanja vyao vya shabaha. Waombe kibali cha chumba kimoja uwanjani, mbali na makazi, mashine iwe ya klabu, baruti iwe kwenye ghala lililokaguliwa chini ya Sura ya 115, kila anayeshindilia aandike ameingia na maganda mangapi na ametoka na risasi ngapi, na maganda yapigwe alama ya pili ya klabu ili kitako kisiseme uongo. Bodi ya leseni ikikataa, ikatae kwa maandishi na itoe sababu. Na wakiwa huko waiulize serikali swali lake la magunia, rasmi, kwa jina la klabu: kila mwaka ni risasi ngapi zimetoka kwenye maghala ya umma na ngapi zimerudi au kutumika kwa kumbukumbu. Mtu anayehesabiwa moja moja ana haki ya kuona hesabu ya mwenzake.

Aliniambia nimeshaanza kuongea kama mwanasiasa. Halafu akauliza kama uwanja utakubali kazi ya mikono ifanywe na wanachama au watataka kumwajiri mtu. Nikajua amelichukua.

Jana usiku nilimpigia. Kulikuwa na mvua, nilimsikia akikokota kitu sakafuni. Barua ya klabu ameanza kuiandika lakini amekwama kwenye aya ya pili, anataka nimsaidie Kiswahili chake. Meza bado iko pembeni. Kwa sasa anapigia pasi hapo.